Kichanga na Kadi ya Zaka

Kwenye ubao wa matangazo wa parokia nyingi za Dar es Salaam, kati ya majina ya wachumba wanaotangazwa kwa mara ya pili na harambee ya kuezeka ukumbi, haikosekani karatasi yenye kichwa cha herufi kubwa: MASHARTI YA UBATIZO WA WATOTO WACHANGA. Cheti cha ubatizo cha baba na cha mama. Cheti cha ndoa ya Kanisa. Barua ya mwenyekiti wa jumuiya, yenye sahihi ya mwenyekiti wa kanda. Kadi ya zaka, iwe imelipiwa hadi mwezi huu. Semina, wazazi wote wawili pamoja na wasimamizi, bila kukosa. Msimamizi awe na kipaimara, na kama anaishi na mwenza, awe na ndoa. Chini kabisa kuna mhuri. Karatasi za aina hii nilizowahi kuzisoma zinatofautiana mpangilio na urefu, lakini mtoto mwenyewe huwa anatajwa kwenye kichwa tu. Kuanzia hapo kwenda chini ni habari za watu wazima.

Tuchukue mfano wa kubuni, maana wa kweli ni wengi na hawapendi kuandikwa. Binti wa Segerea, miaka 24, anauza chapati na supu asubuhi karibu na kituo cha daladala. Mwenzake ni dereva wa bodaboda. Wamepanga chumba na sebule njia ya kwenda Kinyerezi, wana mtoto wa miezi mitatu, na mahari kwao binti, Moshi, imelipwa nusu. Alhamisi jioni anambeba mtoto anakwenda ofisini kwa katekista. "Tumsifu Yesu Kristo." "Milele amina. Karibu mama. Jumuiya gani?" Anaitaja. "Mna ndoa?" Bado. "Kadi ya zaka?" Ipo, ila ina mapengo ya miezi minne, ile ya kulea mimba na kujifungua. Katekista si mtu mbaya. Amekaa kwenye meza hiyo miaka mingi, na anamwonea huruma kweli. Anamwambia: "Kamilisheni kwanza, mama, halafu mje. Mtoto hakimbii."

Hajakataliwa. Katika ofisi za Kanisa neno "hapana" ni adimu sana. Kuna "kamilisheni", kuna "njoo na baba yake", kuna "semina ya mwezi huu imejaa". Mtoto anatimiza miaka miwili, anaanza chekechea, anapata mdogo wake, na siku moja mama anaambiwa na jirani kwamba kuna kanisa jipya la maturubai nyuma ya kituo cha mafuta ambako hawaulizi kadi. Parokia nayo, inapofunga hesabu zake za mwaka, haimwoni popote. Kuna daftari la waliobatizwa, la waliopata kipaimara, la waliofunga ndoa na la waliofariki. La walioambiwa wasubiri halipo.

Sheria ya Kanisa Katoliki, ile ya mwaka 1983 inayotumika hadi leo, ni fupi kwa jambo hili kuliko karatasi ya ubaoni. Kanuni ya 867 inawapa wazazi wajibu wa kuhakikisha mtoto anabatizwa katika majuma ya kwanza ya maisha yake. Kanuni ya 868 inataka mambo mawili tu ili mtoto abatizwe kihalali: mzazi mmoja walau awe ameridhia, na liwepo tumaini lenye msingi kwamba mtoto atalelewa katika imani Katoliki. Tumaini hilo likikosekana kabisa, ubatizo uahirishwe, na wazazi waelezwe sababu. Basi. Ndoa ya wazazi haimo. Zaka haimo. Tena kanuni ya 877 inaeleza namna ya kuandika kwenye daftari la ubatizo mtoto wa mama asiye na mume: jina la mama litaingiaje, la baba litaingiaje. Waliotunga sheria wasingehangaika kueleza jinsi ya kumwandika mtoto ambaye hawakutarajia kwamba angebatizwa.

Uzito wote uko kwenye lile neno "kabisa". Sheria haikusema tumaini likiwa dogo, au wazazi wakiwa wazembe, au mama akiwa hajaonekana jumuiyani tangu Pasaka. Na tumaini hutazama mbele: nani atamfundisha mtoto huyu ishara ya msalaba, nani atampeleka mafundisho ya komunyo ya kwanza miaka minane ijayo. Maswali ya mezani kwa katekista yanatazama nyuma: mlifunga lini, mlilipa lini, mlihudhuria mara ngapi. Mtu anaweza kujibu vizuri maswali yote ya nyuma na mtoto wake asijue Baba Yetu. Tunawajua.

Kwa haki, tuseme na upande wa pili. Masharti mawili ya ubaoni yana mguu wa kusimamia. Semina ni halali, kwa kuwa kanuni ya 851 inataka wazazi na wasimamizi waandaliwe. Sifa za msimamizi nazo ziko kwenye kanuni ya 874: awe amefikisha miaka 16, awe Mkatoliki mwenye kipaimara, na aishi maisha yanayolingana na imani anayokwenda kuidhamini. Paroko wa Dar es Salaam anahudumia maelfu ya watu wanaohamahama kila kodi ya pango inapopanda. Amewaona wazazi wanaoutaka ubatizo kwa ajili ya picha na pilau, na wengine kwa ajili ya cheti kitakachosaidia shule ya masista impokee mtoto. Baada ya sherehe hawaonekani tena hadi msiba. Ni kweli kabisa kwamba ubatizo usiokuwa na malezi nyuma yake ni maji tu kichwani, na padri anayebatiza kila anayeletwa bila kuuliza lolote hajafanya kazi yake.

Lakini hata ugumu huo si mgeni, na Roma ilishaulizwa, tena kutoka Afrika. Mwaka 1970 ilimjibu askofu mmoja wa Togo aliyetaka kujua afanyeje na watoto wa wenye mitara, wa watu wanaoishi pamoja bila ndoa, na wa wazazi walioacha kusali. Msimamo wa jibu hilo ukaingia katika waraka uitwao Pastoralis Actio, uliotolewa na Idara ya Mafundisho ya Imani tarehe 20 Oktoba 1980. Waraka unakubali kwamba ubatizo unaweza kuahirishwa, ila unasisitiza kwamba kuahirisha huko ni sehemu ya mazungumzo na familia, wala si adhabu. Kisha unasema jambo ambalo ningependa libandikwe kando ya ile karatasi yenye mhuri: dhamana ikipatikana, kwa mfano msimamizi atakayemwangalia mtoto kwa dhati, au msaada wa jumuiya ya waamini, padri hawezi kukataa kumbatiza mtoto huyo, sawasawa na mtoto wa familia nyingine yoyote ya Kikristo.

Msaada wa jumuiya. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua katika miaka ya 1970 kuzifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa msingi wa maisha ya Kanisa, walitaka watu wa mtaa mmoja wasali pamoja, wasomeane Injili na kubebana kwenye shida. Kwa fikra hiyo, binti wa chapati angekuwa mtu wa kwanza wa kusaidiwa: jumuiya ingesimama mbele ya paroko ikasema, mama huyu ni wetu, baba hajatulia, lakini mtoto tutamlea. Huo ndio ushahidi ambao waraka wa 1980 unauita dhamana ya kutosha. Badala yake jumuiya imegeuzwa kaunta ya kwanza ya ukaguzi, na mwenyekiti, ambaye mara nyingi ni mzee mwema mwenye duka la vifaa vya ujenzi, amejikuta na sahihi inayoamua nani abatizwe. Sahihi hiyo hakuiomba. Ila akishapewa, binadamu ni binadamu, na mama ambaye hakuchangia rambirambi ya mwaka jana anakumbukwa vizuri.

Kadi ya zaka sitaitafutia maneno laini. Kanuni ya 848 inamkataza mtoa sakramenti kudai chochote zaidi ya sadaka zilizowekwa na mamlaka husika, na inamtaka aangalie sana kwamba maskini hanyimwi sakramenti kwa sababu ya umaskini wake. Wanaotetea kadi husema haidaiwi kama bei. Ni kipimo cha ushiriki. Nimelisikia hilo mara nyingi, na kila mara limesemwa na mtu ambaye kadi yake imejaa.

Papa Fransisko alikuwa na hasira na mambo haya tangu hajawa Papa. Septemba 2012, akiwa bado Kardinali Bergoglio wa Buenos Aires, aliwashambulia hadharani mapadri wanaokataa kuwabatiza watoto wa kina mama wasioolewa, akawaita wanafiki wa zama hizi. Mei 2013, miezi miwili baada ya kuchaguliwa, aliirudia hoja hiyo katika mahubiri ya asubuhi: Yesu aliweka sakramenti saba, nasi tumeongeza ya nane, ya forodha. Tarehe 12 Januari 2014, katika Kikanisa cha Sistina, aliwabatiza watoto 32, na miongoni mwao alikuwemo mtoto wa wazazi waliofunga ndoa ya serikali tu. Desemba 2023 Kardinali Víctor Manuel Fernández, mkuu wa idara ya Roma ya mafundisho ya imani, akamwandikia askofu mmoja wa Jamhuri ya Dominika kuhusu kina mama wanaolea peke yao na kuogopa kukaribia sakramenti, akitaka wachungaji wawatie moyo. Nyaraka za Roma husafiri polepole. Nyingine zikifika zinakuta ubao umeshajaa.

Nini hutokea Kanisa linaposhikilia ubatizo wa watoto ili kuwarekebisha wazazi? Jibu la wazi kuliko yote katika ukanda wetu liko Murang'a, Kenya. Mwaka 1929 misheni kadhaa za Kiprotestanti katika nchi ya Wakikuyu, mstari wa mbele ikiwa ile ya Kanisa la Scotland chini ya Dkt. John Arthur, ziliwataka waumini watie sahihi au dole gumba kwenye kiapo cha kuupinga ukeketaji. Juu ya ukeketaji wenyewe misheni zilikuwa na hoja, na sheria za Kenya na Tanzania za leo ziko upande huo. Ila kiapo kilikuja wakati ambapo ardhi inachukuliwa, kodi ya kichwa inalemea, na mzungu wa misheni na mzungu wa serikali wanaonekana wakinywa chai meza moja. Maelfu walikataa kutia dole. Walimu wakapoteza kazi, watoto wakafukuzwa shule, na vichanga vilivyozaliwa baada ya hapo vikakosa wa kuvibatiza.

Hawa hawakuwa watu walioukana Ukristo. Walikuwa wasomaji, wenye Agano Jipya la Kikuyu mkononi, wanaojua nyimbo zao za kitabuni na sala zao, na walitaka watoto wao wabatizwe kama wao walivyobatizwa. Walianza na shule, wakazijenga kwa nguvu zao wenyewe. Chama cha shule huru, KISA, kilipata umbo katikati ya miaka ya 1930. Shule ilikuwa rahisi. Mwalimu aliyefukuzwa bado ni mwalimu. Kwa ubatizo walikwama, maana kwa imani yao alihitajika mtu aliyewekewa mikono, na wenye kuweka mikono walikuwa walewale waliofunga mlango. Waliomba kwa Askofu Heywood wa Kanisa la Anglikana, Mombasa, watu wao wafundishwe na kuwekwa wakfu. Mazungumzo yakavunjika kwenye masharti.

Ndipo wakamwita askofu kutoka Afrika Kusini. Daniel William Alexander alikuwa askofu mkuu wa African Orthodox Church, kanisa lililoanzishwa Marekani mwaka 1921 na George Alexander McGuire, mtu aliyetoka katika vuguvugu la Marcus Garvey. Alitua Mombasa Novemba 1935, kwa gharama ya wakulima wa Murang'a na jirani zake. Watu hawamlipii mgeni safari ya meli kwa jambo wasilolithamini. Akafungua chuo kidogo Gituamba, akazunguka akibatiza watoto waliokuwa wamesubiri miaka, na kabla hajaondoka katikati ya mwaka 1937 akawa amewawekea mikono mashemasi na makasisi. Kutoka hapo yalitokea makanisa mawili ambayo hadi leo yako hai Kenya: African Independent Pentecostal Church of Africa, ambalo licha ya jina lake hubatiza watoto, na Kanisa la Kiorthodoksi, ambalo chini ya Arthur Gathuna na mwenzake wa Uganda, Reuben Spartas, lilipokelewa na Upatriaki wa Aleksandria mwaka 1946. Misheni zilidhani zinaahirisha ubatizo. Zilikuwa zinahamisha waumini.

Hapa kwetu hakuna anayeagiza askofu kwa meli. Kanisa jingine liko umbali wa nauli ya bajaji. Na wengi wa hao majirani nao hawabatizi vichanga. Tanzania Assemblies of God, Wasabato, Wabaptisti na makanisa mengi ya kiroho yanayofungua na kufunga kati ya Tabata na Kinyerezi watakubarikia mtoto, watamwombea, watamweka wakfu mbele ya madhabahu na keki italiwa, lakini maji ni hadi atakapoamini mwenyewe. Mimi nawaheshimu kwa hilo, ingawa sikubaliani nao. Wanamkatalia kila mtu. Mtoto wa askofu wao na mtoto wa muuza chapati wanapata jibu moja, na sababu wanaitoa wazi wazi, na mistari wanakufungulia.

Msimamo wao pia una damu nyuma yake. Januari 1525 kikundi kidogo mjini Zürich kilibatizana upya kikiamini kwamba ubatizo wa utotoni haukuwa ubatizo. Miaka miwili baadaye mmoja wao, Felix Manz, alizamishwa mtoni Limmat kwa amri ya serikali ya mji, iliyokuwa ya Kiprotestanti. Warithi wa kikundi hicho walifika Shirati, mkoani Mara wa leo, mwaka 1934, na Kanisa la Mennonite Tanzania lipo hadi sasa. Bara letu lilibishania jambo hili mapema zaidi. Tertuliano wa Karthago, karibu mwaka 200, alishauri watoto wasubiri. Nusu karne baadaye, katika mji huohuo, Askofu Siprian na wenzake 66 walimjibu askofu Fido, aliyetaka mtoto asibatizwe kabla ya siku ya nane, kwamba hakuna sababu ya kungoja hata siku hizo nane. Sijui wangesema nini juu ya semina ya mwezi huu iliyojaa.

Walutheri wako njiani kati ya hawa na wale. Ungamo la Augsburg la 1530, ambalo KKKT inalishika, linataka watoto wabatizwe na kuwalaumu wanaopinga. Hata hivyo katika sharika nyingi binti aliyezalia nyumbani huwekwa nje kwanza. Hashiriki Meza ya Bwana, kwaya anaisikilizia benchi la nyuma, na ubatizo wa mtoto hungoja mama atubu na kurudi kundini. Toba ni jambo jema na sitalidhihaki. Ila tazameni nani anayetubu. Mama ana ushahidi wa miezi tisa ambao usharika mzima uliuona ukikua. Baba hana ushahidi wowote, na si ajabu Jumapili hiyo ya toba akawa anaimba besi.

Kinachozuia ndoa za Segerea kwa sehemu kubwa kinajulikana na kila mtu isipokuwa karatasi ya ubaoni. Mapadri wetu wana jina lake, uchumba sugu, na wanalihubiri kama ugonjwa wa tabia. Tabia ipo. Lakini ndoa katika mji huu ina mahari ya kumaliziwa, ina sendofu, ina kichen pati, ina kamati inayokaa miezi mitatu na kadi za michango zinazotumwa kwa watu ambao nao wana kadi zao za kutuma. Kanisa halidai hata kimoja kati ya hivyo: ndoa halali inahitaji wachumba, padri na mashahidi wawili, na inaweza kufungwa kwenye misa ya asubuhi ya siku ya kazi. Ni mara ngapi mmesikia likisemwa mimbarani? Bwana harusi anaogopa shemeji zake, bibi harusi anaogopa kuonekana ameolewa kwa kujificha, na paroko, aliyealikwa kula keki kwenye ile kubwa ya Jumamosi, hana haraka ya kuisifia ile ndogo ya Jumanne.

Serikali, kwa namna yake ya ukavu, ilishayaona maisha haya. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, hata wakatambulika kwa watu kama mume na mke, itachukuliwa kwamba wameoana, hadi mtu athibitishe vinginevyo. Kanisa halilazimiki kufuata dhana hiyo kwa sakramenti ya ndoa. Ila inafaa kujua kwamba mahakama inaweza kumwona yule dereva wa bodaboda kuwa mume wakati ofisi ya parokia inashindwa kumwona kuwa baba.

Na yote haya yanatokea Segerea, mahali ambapo mapadri wa majimbo mengi ya Tanzania wamesomea teolojia. Seminari Kuu ya pale ina msimamizi wake mbinguni, Mtakatifu Karoli Lwanga, na nashangaa jinsi sehemu moja ya maisha yake inavyosahaulika kila sikukuu yake ya tarehe 3 Juni. Lwanga hakuwa padri. Alikuwa kiongozi wa wahudumu vijana katika ikulu ya Kabaka Mwanga wa Buganda, naye mwenyewe alikuwa na miezi sita tu tangu abatizwe, Novemba 1885. Miongoni mwa vijana waliokuwa chini yake alikuwemo Kizito, wa miaka kama 14, aliyekuwa akimwomba ubatizo Padri Lourdel na kuambiwa asubiri. Lourdel hakuwa mkaidi. Shirika lake, la Kardinali Lavigerie, lilikuwa na utaratibu wa miaka minne ya maandalizi, na utaratibu huo ulikuwa na busara yake. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, huko Munyonyo, ilipokuwa wazi kwamba kesho yake ni hukumu ya kifo, Lwanga alichukua maji akawabatiza wakatekumeni waliokuwa naye, Kizito akiwemo. Kanisa halikumkaripia. Liliwatangaza wote watakatifu, Oktoba 1964.

Najua jibu: ile ilikuwa hatari ya kifo, na hatari ya kifo ina sheria yake. Ni kweli. Lakini mseminari anayesali chini ya picha ya Lwanga miaka minne anapaswa angalau kujua kwamba utaratibu ni wa kumhudumia mtoto, na kwamba msimamizi wake alijua lini uwekwe pembeni. Kuna jingine la kuchekesha kidogo. Sheria ya zamani ya Kanisa, ya mwaka 1917, ilimzuia mtu aliyezaliwa nje ya ndoa kupewa upadri mpaka apate kibali maalumu. Sheria ya 1983 ilikifuta kizuizi hicho. Kwa hiyo leo mtoto wa binti wa chapati anaruhusiwa kuingia seminari ya Segerea, kupewa daraja na hata kuwa askofu. Cha kwanza anachotakiwa kuleta mlangoni, kwa kanuni ya 241, ni cheti cha ubatizo.

Hukumu yangu ni hii. Paroko anayeahirisha ubatizo kwa sababu haoni mtu yeyote, mzazi wala bibi wala msimamizi, atakayemlea mtoto katika imani, yuko ndani ya sheria na huenda yuko sahihi. Anayeahirisha kwa sababu ya cheti cha ndoa au mapengo ya kadi ameweka sharti ambalo Kanisa lake halikuliweka, na analidai kwa mtu asiye na deni. Akitaka kuwasaidia wazazi wafunge ndoa, awabatizie mtoto, kisha awatembelee chumbani kwao akiwa na tarehe ya ile misa ya Jumanne.

Na kwa mama uliyeambiwa ukamilishe kwanza: uliza sababu, kwa kuwa kanuni ya 868 inataka uelezwe. Nenda na msimamizi mmoja mwenye kipaimara. Kanuni ya 873 inatosheka na mmoja. Baba asipotaka kuja, ridhaa yako peke yako inatosha. Ukizungushwa, mwandikie askofu. Barua hiyo haihitaji sahihi ya mwenyekiti wa kanda. Na mtoto akizidiwa usiku kabla barua haijajibiwa, kanuni ya 861 inamruhusu mtu yeyote, hata jirani yako Mwislamu, mradi anakusudia kutenda lile Kanisa linalolitenda, ammiminie maji na kumbatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Ubatizo huo ni halali, na haurudiwi.